Kuchagua rekoda ya DVD kwa nyumba ya Lamu: mwongozo kamili wa kuokoa kanda za harusi

Nyumba nyingi za Mkomani na Langoni bado zina sanduku la kanda za VHS: harusi za miaka ya 1980 na 1990, vugo (ngoma ya wanawake ya harusini), Maulidi, wazee waliokwishatangulia wakisoma kasida. Nyingi kati ya kanda hizo ni za wanawake peke yao. Zilipigwa ndani, bibi harusi hajajifunika, na wenyewe hawako tayari kuzipeleka studio zikae mezani kwa kijana wasiyemjua. Kwa nyumba kama hiyo, rekoda ya DVD bado ni mashine ya maana. Inakaa sebuleni, haihitaji kompyuta wala intaneti, na mama mwenye kanda anaweza kuiendesha mwenyewe mlango umefungwa.

Kama hamu yako ni kurekodi televisheni tu, usinunue. Kenya ilizima matangazo ya analogi mwaka 2015, na rekoda nyingi zina tyuna ya analogi ambayo sasa haishiki kitu. Ving'amuzi vingi vya DVB-T2 (vya dijitali, vinavyotumia antena) vina tundu la USB na vinarekodi moja kwa moja kwenye flashi, kwa gharama ndogo na picha safi zaidi. Rekoda ya DVD inunuliwe kwa ajili ya kanda. Kurekodi TV kuwe ziada.

Njia nyingine ni kile kifaa kidogo cha USB kinachounganisha deki ya VHS na laptopu. Ukiwa na laptopu nzuri na subira, kinafanya kazi. Lakini vile vya bei ya chini vinapoteza fremu pale kanda inapotikisika, na baada ya saa moja midomo inasema kabla ya sauti kufika. Rekoda mara nyingi haipatwi na ugonjwa huo, kwa kuwa picha na sauti zinashughulikiwa pamoja ndani ya mashine moja iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu.

Mashine za aina tatu

Kuna rekoda ya diski peke yake, kuna rekoda yenye hadi disk ndani, na kuna ile ya kuunganishwa, yenye deki ya VHS upande mmoja na DVD upande wa pili.

Yule asiye na deki kabisa atavutiwa na hii ya tatu, na kweli ni rahisi: unatia kanda, unatia diski, unabonyeza kitufe cha kunakili. Ubaya wake ni kwamba kinachokufa kwanza ni deki, na ikifa umebaki na nusu ya mashine. Deki mpya hazitengenezwi tena. Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuziunda, iliacha Julai 2016. Kwa hiyo kama nyumbani au kwa jirani kuna deki nzima, nunua rekoda peke yake na uiunganishe kwa waya. Deki ikichoka utatafuta nyingine, rekoda itabaki.

Yenye hadi disk ndiyo bora kwa mwenye kanda nyingi. Unarekodi kwanza ndani, unakata vipande vyeusi na vya theluji, kisha unaandika diski safi. Ya GB 80 inabeba kama saa 34 kwa kiwango cha kawaida cha SP, ya GB 160 kama saa 68. Lakini hadi disk hiyo isiwe ghala. Mashine ikiungua, huwezi kuichomoa na kuisoma kwenye kompyuta kama flashi, kwa sababu imepangwa kwa utaratibu wa mashine yenyewe.

Umeme na mfumo wa picha

Geuza mashine usome kibandiko cha nyuma kabla ya kuuliza bei. Umeme wa Kenya ni volti 240, Hz 50. Mashine iliyotumika Uingereza ndiyo isiyo na matatizo: volti zinakubali, plagi ya pini tatu ni ileile, picha ni PAL, mfumo wa picha wa Kenya pia. Tyuna yake ya zamani ilipangwa kwa mfumo wa sauti wa Uingereza na haikupatana na wa Kenya, lakini sasa hilo halina uzito, maana utaingiza picha kwa waya za AV, zile za njano, nyeupe na nyekundu.

Mashine iliyoandikwa volti 100 ni ya Japani. Ya 110 au 120 ni ya Marekani. Zote mbili zitaungua ukizichomeka moja kwa moja, na zinarekodi kwa NTSC, mfumo wa picha wa nchi hizo, si PAL. Transfoma ya kushusha umeme itaokoa mashine (rekoda hula chini ya wati 60 kwa kawaida, kwa hiyo ya wati 200 inatosha na zaidi), lakini haitabadilisha mfumo wa picha. Kwa mwenye kanda za PAL, mashine hizo ni za kuachwa.

Mizigo kutoka Arabuni iangaliwe moja moja. Dubai na Oman umeme wao unapatana na wetu. Saudia kulikuwa na volti 127 na 220 kwa pamoja, hivyo kibandiko ndicho shahidi. Na si mashine tu, hata kanda. Ndugu walioishi Saudia huenda walirekodi kwa mfumo wa SECAM wa huko. Kanda hiyo kwenye deki ya PAL pekee itaonyesha picha isiyo na rangi, na watu huidhania imekufa. Haijafa. Inataka deki ya mifumo mingi, na deki za namna hiyo ziliuzwa sana Ghuba, kwa hiyo uliza kwanza kwa jamaa kabla ya dukani.

Kanda za NTSC kutoka Marekani na Kanada ni taabu zaidi. Deki nyingi za PAL huzichezesha kwa picha mchanganyiko ambayo TV inaikubali ila rekoda inaikataa: utaona giza, au picha inayopanda na kushuka. Jaribu kanda hiyo na rekoda hiyohiyo kabla ya kuahidi mtu yeyote.

Soketi

Unachotaka ni matundu ya kuingiza: njano ya picha, nyeupe na nyekundu za sauti. Yawepo mbele pia, yatakusaidia unapounganisha kamera. Mashine za Ulaya huwa na SCART nyuma, ile soketi pana ya pini 21. Ukitumia adapta ya SCART, hakikisha ina swichi ya kuingiza na kutoa, kwani adapta za kutoa tu zimejaa sokoni na hazitaingiza picha hata ukeshe. HDMI ya nyuma ya rekoda ni ya kupeleka picha kwenye TV, haipokei.

Kanda ndogo za VHS-C hutiwa ndani ya adapta yenye umbo la kanda kubwa, inayotumia betri moja ya AA. Video8 na Hi8 hazina adapta, asikudanganye mtu. Hizo huchezwa kwenye kamera yake, na waya hutoka kwenye kamera. MiniDV huchezwa vivyo hivyo, ila rekoda ikiwa na tundu la DV mbele, tumia hilo badala ya njano, kwa kuwa picha hupita bila kupungua.

Kuijaribu kabla ya kulipa

Hapa ndipo pesa hupotea. Rekoda ya mtumba inaweza kuchezesha filamu vizuri kabisa na isiweze kuandika diski hata moja. Kuandika kunataka mwanga mkali wa leza kuliko kusoma, na leza iliyochoka huanza kushindwa kuandika, kisha baadaye sana ndipo hushindwa kusoma. Muuzaji akikuonyesha filamu inacheza, hajakuonyesha kitu.

Nenda na vitu vinne: kanda usiyoijali, DVD-RW moja, DVD-R moja mpya, na waya zako za AV. Kisha:

1. Iwashe ikiwa imepoa. Ikichukua dakika nzima kuamka, au ikiwaka na kuzima mara kadhaa, kapasita za sehemu ya umeme zimevimba. Fundi wa redio anazibadilisha, si ugonjwa wa kutisha, ila bei ishuke.
2. Fungua na funga trei mara kumi. Ikikwama au ikisita, mkanda wa mpira ndani umelegea.
3. Omba rimoti. Vitufe vya mbele ya mashine havitoshi; menyu za kufunga diski (kuikamilisha ili isomwe na mashine nyingine), kupanga saa na kuchagua kiwango mara nyingi ziko kwenye rimoti tu. Rimoti za kununua za "mashine zote" kwa kawaida hazina vitufe hivyo. Hakuna rimoti, hakuna biashara.
4. Tia DVD-RW, chagua kiwango cha XP, kile cha picha bora zaidi, rekodi mpaka diski ijae. Ni saa moja. Muuzaji atachoka, mwache achoke. Diski huandikwa kutoka katikati kwenda nje, na leza dhaifu au mota mbovu hujifichua ukingoni. Dakika tano za mwanzo hazithibitishi chochote.
5. Rekodi dakika kumi kwenye DVD-R, ifunge, kisha ichezeshe kwenye mashine nyingine kabisa.
6. Kama ina deki, chezesha kanda, peleka mbele kwa kasi, rudisha, toa. Angalia ukingo wa utepe: ukiwa umekunjwa, mashine inakula kanda.

Muuzaji asiyekubali jaribio la nne akuuzie kwa bei ya mashine ya kuchezesha tu.

Diski

Chukua DVD-R kwa kazi ya kudumu, kwani ndiyo inayosomwa na deki nyingi za DVD za zamani. DVD-RW ni ya kujaribia na kufuta. Inaandikwa upya hadi kama mara 1,000. DVD-RAM, inayopendwa na mashine za Panasonic, ni imara sana, lakini deki za kawaida za nyumbani haziisomi, kwa hiyo haifai kumpelekea shangazi. Kabla ya kununua pakiti, soma kibandiko cha rekoda ujue inakubali alama ya kutoa (DVD-R), ya kujumlisha (DVD+R), au zote mbili.

Diski ya kawaida hubeba GB 4.7. Kwa XP ni saa moja, SP saa mbili, LP saa nne, EP saa sita, na mashine nyingine nane. Picha ya VHS haina mengi ya kupoteza, na SP inaitosheleza. LP nayo inaonekana nzuri mtu akiwa amekaa akizungumza. Lete sasa vugo: pembe zinagongwa, nguo zinametameta, taa ya kamera inawapiga wote usoni, na kamera yenyewe haitulii. Picha inakatika vipande vya mraba. Harusi, kwa hiyo, ni SP. Kanda ya E-180 ina saa tatu. Igawe diski mbili, ukikata pale mambo yanapobadilika, kwa mfano kabla ya bibi harusi kutolewa.

Rekoda za mwanzo zilitengenezwa wakati diski zilikuwa za kasi ya 4x, na baadhi hukosea zikipewa diski za 16x. Ukiona inakataa diski nzuri, tafuta za 8x kabla ya kuilaumu leza. Andika jina kwa kalamu ya wino wa maji, upande wa juu. Kalamu ya ncha ngumu inaweza kuidhuru diski, na karatasi ya gundi huvimba kwa unyevu na kuivuruga diski inapozunguka.

Kuivusha na kuiweka

Kutoka Mokowe, gati ya bara, mashine inavuka kwa boti, kisha inapanda rukwama au punda. Itoe diski ndani, ifunge kwenye mfuko wa plastiki mzito, halafu kwenye boksi lenye nguo pande zote. Ikae mapajani kwako, si chini kwenye maji ya boti. Ikifika, iache saa kadhaa kabla ya kuichomeka, hasa msimu wa mvua, unyevu ulioganda ndani ukauke.

Zidaka zinavutia, lakini si mahali pake. Kidaka kimefungwa pande zote, feni ya nyuma haipati hewa, na chokaa ya ukuta hudondosha unga mwembamba unaoishia kwenye lenzi. Weka mashine juu ya meza, kiganja kimoja kutoka ukutani, mbali na dirisha la upande wa pwani. Ifunike kwa kitambaa cha pamba inapozimwa, usifunike ikiwaka. Chumvi ya hewani hula pini za soketi: kila baada ya miezi michache chomoa na chomeka waya mara mbili tatu, mguso unarudi.

Umeme ukikatika katikati ya kuandika, diski ya DVD-R imekwenda. UPS ndogo ya kompyuta inatosha kuibeba rekoda na deki kwa dakika chache, upate nafasi ya kusimamisha kwa utaratibu. Kifaa cha kulinda TV kinazuia volti kupanda na kushuka tu, hakishikilii umeme.

Kuhamisha kanda

Kagua kanda kwanza kwenye mwanga, kupitia kidirisha chake. Unga mweupe juu ya utepe ni kuvu. Usiitie ndani: itachafua vichwa vya kusomea ndani ya deki, na vichwa vitaipaka kila kanda inayofuata. Itenge, ikaushe siku kadhaa kwenye kopo lililofungwa pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, kisha mpe fundi aifungue na kuupangusa utepe. Ganda la VHS hushikwa kwa skrubu tano tu, kwa hiyo hata ganda lililovunjika lisikutishe: utepe huhamishiwa ganda la kanda nyingine.

Kanda iliyo safi ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe mpaka mwanzo bila kuicheza. Utepe uliokaa miaka ishirini umeshikana, na kuulegeza hivi kunapunguza kukatika.

Unganisha njano ya kutoka kwenye deki na njano ya kuingia kwenye rekoda, nyeupe kwa nyeupe, nyekundu kwa nyekundu. Deki ya sauti moja ina tundu jeupe tu. Chomeka hilo, na kama rekoda inatoa sauti upande mmoja, weka kigawanyio ili iingie pande zote mbili. Chagua chanzo cha AV kwa rimoti, mara nyingi kimeandikwa L1, au L2 kwa matundu ya mbele.

Cheza dakika tano za kati ya kanda, siyo mwanzo, ambao huwa umechakaa zaidi. Rekebisha trakingi (marekebisho ya deki ya kulinganisha vichwa na utepe) mpaka mistari ya chini iondoke. Theluji ikijaa picha nzima, vichwa ni vichafu. Chomoa umeme, fungua kifuniko, lowesha karatasi laini isiyo na nyuzi kwa spiriti ya isopropili, ishikilie tuli dhidi ya ngoma, ile silinda yenye vichwa, huku ukiizungusha ngoma taratibu kwa mkono. Usipande na kushuka, na usitumie pamba za masikio: nyuzi zake hunasa kwenye kichwa na kukivunja.

Sasa rudisha kanda mwanzo, anza rekoda kwanza, hesabu sekunde tano, kisha cheza deki. Mwanzo mweusi kidogo ni afadhali kuliko bismillahi iliyokatwa. Usiondoke kabisa, kanda ya zamani hukwama pale unapokwenda kupika.

Rekoda ikisimama na kusema kanda ina kinga ya kunakiliwa, na wewe unajua ni kanda ya harusi yenu, tatizo ni mawimbi yaliyochakaa ambayo mashine inayadhania kuwa kinga. Safisha vichwa, gusa trakingi, au cheza kanda kwenye deki nyingine. Mara nyingi deki ya pili inamaliza ubishi.

Ukimaliza, funga diski. Kwenye menyu utaona neno Finalize. Bila hatua hii diski inasomwa na mashine yako tu, na kwingine itaonekana tupu. Inachukua dakika chache, usiguse swichi. Chezesha diski nzima kwenye deki nyingine ya DVD kabla ya kuirudisha kanda sandukuni. Kanda usiitupe.

Fanya nakala mbili. Kwenye kompyuta fungua folda ya VIDEO_TS na uinakili yote kwenye hadi disk ya nje. Mafaili yake hayazidi GB 1 kila moja, hivyo hata flashi ya kawaida inayapokea. Nakala moja ikae nyumba nyingine, kwa mtu ambaye wanawake waliomo kwenye picha wameridhia aitunze.

Ukitaka kurekodi TV pia

King'amuzi kikiwa na tundu dogo la AV la duara, waya wake una plagi ya miviringo minne, na mpangilio hutofautiana. Picha ikikosekana na sauti ikivuma, jaribu kuchomeka nyekundu mahali pa njano kabla ya kununua waya mwingine. Watu wakionekana wembamba au wanene, linganisha kipimo cha skrini, 4:3 au 16:9, kwenye king'amuzi na kwenye rekoda.

Saa ya mashine ni ya kizungu. Taarifa ya saa moja jioni ni 19:00, ya saa tatu usiku ni 21:00. Weka mwanzo dakika tano kabla. King'amuzi lazima kiwe kimewashwa na kiko kwenye chaneli hiyo, kwani rekoda haiwezi kukibadilisha, na zima ile nafasi ya kujizima chenyewe baada ya saa chache. Umeme ukikatika, kagua saa ya rekoda: ikipepesa, mipango yote imefutika.

Mashine ikitoka nyumbani

Rekoda yenye hadi disk inayopelekwa kwa fundi au kuuzwa inabeba kila ulichorekodi. Kufuta majina kwenye orodha hakutoshi. Ingia kwenye menyu ya mipangilio, chagua kufomati hadi disk, kisha chagua XP, elekeza kwenye AV isiyo na picha, na urekodi giza mpaka ijae, ili maandishi mapya yakae juu ya yale ya zamani. Kwa ya GB 80 ni kama saa 17. Ikiwa mashine imekufa na haiwaki, mwambie fundi aichomoe hadi disk mbele yako, ubaki nayo wewe, na yeye abaki na mashine.